Ubongo Usiokubali Ukimya: Vipokezi vya Dopamini Baada ya Neva Kufa

Nianze na dai ambalo nitalitetea jioni hii yote. Neva zinazotengeneza dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli, zinapokufa ndani ya ubongo, seli zilizokuwa zikipokea dopamini hiyo hazikai tu kungoja. Zinajibadilisha. Zinaongeza vipokezi, yaani mahali pa kuipokelea dopamini, na zaidi ya hapo zinabadilisha namna zinavyoitika ndani kila kipokezi kinapoguswa, mpaka chembe ndogo ya dopamini inaamsha mwitikio ambao zamani ungehitaji kiasi kikubwa. Mabadiliko hayo yanatueleza kwa nini ugonjwa wa Parkinson hujificha kwa miaka, kwa nini dawa yake hufanya kazi vizuri mno mwanzoni, na kwa nini dawa hiyohiyo humletea mgonjwa taabu nyingine baadaye. Kwetu sisi wa Kisaka, na wa wilaya za Serengeti na Tarime mkoani Mara kwa jumla, yanatueleza pia jambo la vitendo: mgonjwa anayepata dawa mwezi huu na kuikosa mwezi ujao hawezi kuhesabiwa kuwa amepata nusu ya tiba. Ubongo uliokwisha kujibadilisha hauhesabu hivyo, na nitaonyesha sababu.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Ushahidi bora tulio nao nchini juu ya Parkinson unatoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Hai ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu watu nyumba kwa nyumba, na watafiti Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao wa Tanzania wakautumia kuwatafuta wagonjwa badala ya kuwangoja hospitalini. Taarifa yao ilitoka mwaka 2008. Kati ya watu 161,071 waliwapata wagonjwa 33, na asilimia 78 ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kutambuliwa kuwa na Parkinson. Mwaka 2011 Gerry Mshana, pamoja na Dotchin na Walker, walichapisha utafiti kuhusu jinsi wagonjwa na familia zao huko Hai wanavyouelewa ugonjwa wenyewe, na kichwa cha utafiti huo kilibeba jina ambalo watu wenyewe hulitumia: ugonjwa wa kutetemeka. Jina hilo linaeleweka, ila linapotosha kidogo. Si kila anayetetemeka ana Parkinson. Wapo wazee ambao mkono hutetemeka wanaposhika kikombe na hutulia wakiuweka mapajani. Huo kwa kawaida ni mtetemeko mwingine. Wachimbaji wadogo wanaochoma zebaki kutenganisha dhahabu wanaweza kupata mtetemeko unaotokana na sumu ya zebaki, na huo nao una njia yake. Mtetemeko wa Parkinson huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika, huanzia upande mmoja, na huambatana na kitu ambacho ndicho kiini cha ugonjwa: mwendo kuwa mzito. Mkono mmoja hauyumbi mtu anapotembea, kufunga kifungo cha shati kunachukua muda, mwandiko unapungua ukubwa, uso unakosa mabadiliko hata mtu akiwa na furaha. Wagonjwa wengine hawatetemeki kabisa, na hao ndio rahisi kuambiwa kwamba ni uzee.

Mwendo huo mzito unatokana na upungufu wa dopamini, na historia ya kemikali hii si ndefu. Hadi katikati ya karne iliyopita wataalamu wengi waliidhani kuwa ni hatua tu ya kupitia katika kutengeneza kemikali nyingine za neva. Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake huko Sweden waliwapa wanyama reserpini, dawa inayomaliza akiba ya kemikali hizo, na wanyama wakalegea wasiweze kujisogeza. Walipodungwa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka. Mwaka 1960 huko Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson wakakuta dopamini imepungua vibaya katika striatamu, eneo la ndani ya ubongo linalosimamia mwendo. Mwaka uliofuata Walther Birkmayer na Hornykiewicz wakawadunga wagonjwa levodopa, na mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, akaonyesha kwamba ikimezwa kwa dozi inayopandishwa polepole inaweza kumrudishia mgonjwa mwendo kwa muda mrefu. Hapo ndipo habari ikakaa vichwani mwa watu kwa umbo jepesi: dopamini imepungua, irudishe. Umbo hilo ni la kweli kwa upande wa neva zinazotuma. Limeiacha nje seli inayopokea, na matatizo mengi ya wagonjwa wetu yanaanzia kwenye seli hiyo.

Kwamba seli iliyopoteza neva yake huwa nyepesi kuitika kupita kiasi lilikuwa jambo linalojulikana kabla dopamini haijapata umaarufu wake. Walter Cannon na Arturo Rosenblueth walilikusanyia ushahidi wakaliandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1949. Mfano ulio wazi ni msuli. Msuli wenye afya huitika kwa asetilikolini, kemikali ya neva inayouamsha, mahali padogo tu, pale neva inapogusana nao. Neva hiyo ikikatwa, baada ya siku kadhaa sehemu nyingine za uso wa msuli nazo huanza kuitika. Axelsson na Thesleff walilionyesha hili kwa uangalifu mwaka 1959. Vipokezi vilivyokuwa vimekusanyika sehemu moja vimetapakaa, kana kwamba msuli unanyoosha sikio kila upande kutafuta sauti iliyopotea. Swali likawa kama ubongo nao hufanya hivyo, na aliyelijibu vizuri ni Urban Ungerstedt wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, mwaka 1971.

Jaribio la Ungerstedt linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu limejengwa kwa namna ambayo jibu lake haliwezi kufasiriwa kwa njia nyingi. Alichukua panya, akaharibu neva za dopamini za upande mmoja tu wa ubongo kwa kemikali iitwayo 6-hidroksidopamini, akaacha upande wa pili mzima. Kisha akampa panya amfetamini, ambayo huzikamua neva zilizo hai zitoe dopamini. Kwa kuwa upande mmoja tu ndio ulikuwa na neva za kukamuliwa, upande huo ulishinda, na panya akazunguka akielekea upande ulioharibiwa. Mpaka hapo hakuna la kushangaza. Siku nyingine akampa apomofini. Dawa hii haihitaji neva. Inakwenda moja kwa moja kwenye vipokezi na kuvigusa kama dopamini inavyovigusa, na hufika pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Kama vipokezi vya pande zote mbili vingekuwa sawa, panya asingezunguka. Kama uharibifu ungekuwa umedhoofisha vipokezi pia, angezunguka kama alivyofanya kwa amfetamini. Alizunguka kinyume, akiupa mgongo upande ulioharibiwa, tena kwa dozi ndogo sana. Maana yake ni moja: upande uliopoteza neva ulikuwa unaitika kwa nguvu zaidi kuliko upande mzima. Nimelisimulia jaribio hili kwa kirefu kwa sababu ya aina ya fikra iliyomo ndani yake. Ungerstedt hakuweza kuona kipokezi hata kimoja. Aliuona mwendo wa mnyama, akapanga mambo ili mwendo huo uweze kujibu swali la kitu kisichoonekana.

Miaka sita baadaye, mwaka 1977, Ian Creese, David Burt na Solomon Snyder wa Baltimore waliweza kuhesabu. Walitumia dawa yenye alama ya mionzi inayong'ang'ania vipokezi vya dopamini, wakakuta kwamba upande wa striatamu uliopoteza neva una mahali pengi zaidi pa kung'ang'ania. Leo tunajua kuna aina tano za vipokezi vya dopamini, na kwamba ongezeko hilo ni hasa la aina ya pili, D2. Katika panya mara nyingi huwa asilimia 20 hadi 40. Mwaka 1978 kundi la Philip Seeman huko Toronto, pamoja na Hornykiewicz, walichapisha vipimo vya ubongo wa wagonjwa wa Parkinson waliofariki. Vipokezi viliongezeka kwa wale ambao hawakuwa wakitumia levodopa. Kwa waliokuwa wakiitumia, idadi ilikaribia kawaida. Baadaye vipimo vya PET, vinavyopiga picha ya vipokezi mtu akiwa hai, vilionyesha jambo hilohilo: mgonjwa aliye mwanzoni na ambaye hajaanza dawa huwa na D2 nyingi zaidi katika putameni, sehemu ya striatamu, hasa upande wa ubongo unaotawala mkono ulioanza kuugua, na baada ya miaka ya ugonjwa na dawa ongezeko hilo hupotea.

Msikilizaji makini atanisimamisha hapa, na ana haki. Kama ongezeko la vipokezi linapotea mgonjwa akianza dawa, basi hoja yangu imekufa papo hapo: ubongo umerudi kawaida, na taabu za baadaye haziwezi kulaumiwa kwa vipokezi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama idadi ingekuwa ndiyo kila kitu. Sivyo. Hata katika panya, ongezeko la asilimia 20 au 40 ni dogo mno kueleza mnyama anayeitika kwa dozi ambayo mwenzake mzima haihisi. Sehemu kubwa ya mabadiliko iko ndani ya seli, nyuma ya kipokezi, na hapo ndipo aina ya kwanza, D1, inapoingia. Seli za striatamu zinazotuma amri kwenda mbele zimegawanyika makundi mawili makubwa. Zenye D1 huruhusu mwendo, na dopamini huzichochea. Zenye D2 huuzuia mwendo, na dopamini huzituliza. Neva zikifa, kundi la kuzuia linafunguka na kundi la kuruhusu linanyamaza, na ndipo mwendo unakuwa mzito. Idadi ya D1 haibadiliki sana. Ila mnyororo wa protini unaopokea habari kutoka kwa D1 unabadilika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta protini iitwayo Golf, inayobeba habari ya D1 kuingia ndani, imeongezeka katika putameni za wagonjwa wa Parkinson waliofariki. Mwaka 2005 kundi la Erwan Bézard huko Bordeaux lilifanya kazi na nyani waliopewa Parkinson ya maabara kisha wakatibiwa kwa levodopa. Wako waliopata mijongeo isiyotakwa na wako ambao hawakuipata. Idadi ya D1 haikuwatenganisha. Kilichowatenganisha ni nguvu ya mwitikio wa D1. Kwa hiyo picha ya PET inayoonyesha D2 za kawaida inasema kweli kuhusu D2, na haisemi lolote kuhusu seli hiyo itafanya nini ikifikiwa na dopamini.

Mijongeo hiyo isiyotakwa inahitaji maelezo kwa asiyewahi kuiona. Mgonjwa aliyetumia levodopa kwa miaka kadhaa hufika mahali ambapo, muda mfupi baada ya kumeza kidonge, kichwa, mabega na mikono huanza kujisokota na kuyumba bila yeye kupenda. Saa mbili tatu baadaye dawa inaisha na anaganda kwenye kiti. Majirani wanaweza kudhani amelewa, au amepagawa. Kinachotokea ndani ni hiki. Levodopa haikai katika damu. Baada ya dakika 90 hivi nusu yake imeshaondoka. Mwanzoni mwa ugonjwa neva chache zilizobaki huipokea, huihifadhi na kuitoa kidogokidogo, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa dawa katika damu hakufiki kwenye vipokezi. Neva hizo zikizidi kufa, ghala linakwisha. Dopamini sasa inamwagika yote kwa pamoja kisha inakauka, na inamwagikia seli ambazo zimejifunza kuitika kwa chembe ndogo. Seli zilizojiandaa kwa njaa zinapewa karamu, kisha njaa tena, mara tatu au nne kwa siku.

Hapa kuna pingamizi la pili, na hili limetoka kwa madaktari wenyewe. Ikiwa taabu inatokana na dawa kukutana na vipokezi vyepesi kuitika, si bora kuichelewesha dawa kadiri inavyowezekana? Kwa muda mrefu wagonjwa walishauriwa hivyo katika nchi tajiri, na ushauri huo umefika hadi kwetu. Waliolijibu swali hili vizuri kuliko wote hawakulazimika kumnyima mtu dawa kwa ajili ya utafiti, kwa sababu umaskini ulikuwa umekwisha kufanya hivyo. Roberto Cilia na Gianni Pezzoli wa Milano, pamoja na Albert Akpalu, Fred Sarfo na wenzao wa Ghana, walichapisha mwaka 2014 utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana, wengi wao wakiwa wamechelewa kupata levodopa, na wagonjwa wa Italia walioipata mapema. Wastani wa kusubiri ulikuwa miaka 4.2 Ghana na miaka 2.4 Italia. Kama kuchelewa kungelinda, Waghana wangepata mijongeo isiyotakwa wakiwa wameishi na ugonjwa muda mrefu zaidi. Haikuwa hivyo. Taabu hizo zilijitokeza baada ya miaka ileile ya ugonjwa katika nchi zote mbili. Waghana walizipata tu muda mfupi zaidi baada ya kuanza dawa. Kilichohusiana nazo ni urefu wa ugonjwa na ukubwa wa dozi kulingana na uzito wa mwili. Mwaka 2019 jaribio la Uholanzi lenye wagonjwa 445 lilitoa jibu linalokwenda njia moja na hilo: walioanza levodopa mapema na waliocheleweshwa kwa wiki 40 hawakutofautiana mwishoni. Kumchelewesha mgonjwa, basi, ni kumnyima miaka mizuri bila kumwekea akiba yoyote. Neva zinaendelea kufa na vipokezi vinaendelea kujibadilisha, ameze asimeze.

Tena ukubwa wa dozi usipuuzwe. Jaribio liitwalo STRIDE-PD, lililochapishwa mwaka 2010, lilitegemea kwamba kuongeza dawa inayorefusha maisha ya levodopa katika damu kungepunguza mijongeo isiyotakwa. Badala yake mijongeo ilionekana mapema zaidi. Wapo waliosema kwamba hapo imeanguka nadharia kuwa dawa inayofika mfululizo, bila kupanda na kushuka, hupunguza mijongeo. Mimi naliona tofauti. Waliopewa dawa hiyo ya ziada walikuwa wanapata, kwa hesabu ya nguvu, dozi kubwa zaidi ya levodopa, na bado walikuwa wanaipata kwa mafungu yanayopanda na kushuka. Wagonjwa wanaopewa dawa mfululizo kwa pampu hupungukiwa na mijongeo hiyo. Pampu si kitu cha kuzungumzia leo Mugumu, makao makuu ya wilaya yetu ya Serengeti, lakini kanuni iliyo nyuma yake tunaweza kuitumia kwa vidonge: dozi ndogo inayotosha, iliyogawanywa, isiyokatika.

Sasa tushuke mpaka kwenye kidonge chenyewe. Levodopa huandamana na kabidopa, inayozuia levodopa isigeuke kuwa dopamini nje ya ubongo na kumletea mgonjwa kichefuchefu. Kidonge kimoja kinachofahamika sana kina miligramu 250 za levodopa na 25 za kabidopa. Mgonjwa anayeanza huhitaji dozi ndogo, na tabibu mwangalifu humwambia akivunje, ale nusu asubuhi, nusu mchana, nusu jioni. Kwa upande wa vipokezi, ushauri huo ni mzuri. Kwa upande wa kabidopa, nusu tatu zinatoa miligramu 37.5 kwa siku, wakati mwili huhitaji kama 70 au zaidi ili uzuiaji ukamilike. Mgonjwa anatapika. Anarudi zahanati, na kwa nia njema kabisa anapewa metoklopramidi, ambayo wengi tunaijua kama Plasil. Metoklopramidi inazuia kutapika kwa kuziba vipokezi vya D2, na inavuka kuingia kwenye ubongo. Mtu aliyepoteza neva zake za dopamini, ambaye anaishi kwa nguvu za vipokezi, amezibiwa vipokezi. Siku chache baadaye hawezi kuinuka, na familia inaamini kwamba dawa ya Parkinson ndiyo iliyommaliza. Kinga ipo: kutumia kidonge cha 100 kwa 25 ambacho kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, au kama kutapika kunahitaji dawa, kutumia domperidoni kwa uangalifu, maana hiyo haivuki sana kuingia kwenye ubongo. Kuna pia suala la chakula. Levodopa hunyonywa utumboni kupitia mlango uleule unaopitisha vijenzi vya protini. Anayeimeza pamoja na nyama au maziwa ya mgando, vyakula ambavyo nyumba za wafugaji wa Mara hazivikosi, atasubiri sana kabla dawa haijafika. Aimeze nusu saa kabla ya kula, na haitamgharimu kitu.

Kuziba vipokezi kunanipeleka kwa kundi jingine la wagonjwa, wale wanaotibiwa magonjwa ya akili kwa haloperidoli au klopromazini. Dawa hizi zimewaokoa watu wengi, na sizisemi vibaya. Lakini zinafanya kazi kwa kuziba D2, na seli iliyozibwa haiwezi kutofautisha kati ya neva iliyokufa na mlango uliofungwa. Inaona ukimya, na inaujibu kwa njia zinazofanana: Burt, Creese na Snyder walionyesha mwaka huohuo wa 1977 kwamba panya waliopewa haloperidoli kwa muda waliongeza vipokezi. Ndiyo maana mgonjwa anayetumia dawa hizo anaweza kwanza kupata mwendo mzito unaofanana kabisa na Parkinson, na baada ya miaka akaanza kutafunatafuna na kutoa ulimi bila kutaka. Kabla hatujamwandika mtu kuwa ana Parkinson, tuulize amekuwa akimeza nini.

Wapo watakaosema kwamba dawa tunayo porini. Upupu, huuhuu unaowasha ngozi, mbegu zake zina levodopa halisi, na sayansi haibishi. Cilia na wenzake waliujaribu huko Bolivia kwa wagonjwa 18 na kuchapisha mwaka 2017: unga wa mbegu zilizokaangwa ulileta nafuu ya mwendo iliyolingana na ya vidonge. Kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote kwamba upupu ni ushirikina. Ninachosema ni kwamba vipokezi vilivyobadilika havistahimili dozi isiyojulikana. Kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu za mahali pamoja na pengine, kabidopa haimo, na anayekoroga kijiko kimoja leo na viwili kesho anaiga ule upandaji na ushukaji niliousema. Siku upupu utakapopimwa, ukafungwa kwa kipimo na kusimamiwa na tabibu, nitakuwa wa kwanza kuuunga mkono, kwa sababu huota wenyewe na hauhitaji lori la Bohari ya Dawa.

Kukatika kwa dawa ndiko kunanitia hofu kuliko yote. Kwa magonjwa mengi, kukosa dawa wiki mbili ni kurudi ulipokuwa. Kwa mgonjwa wa Parkinson wa miaka mingi, levodopa ikikatika ghafla anaweza kupata homa kali, misuli ikakakamaa, fahamu zikapotea, na wapo wanaokufa kwa hali hiyo. Na akiipata tena, haipaswi kurudishwa kwa dozi ile kubwa papo hapo bila kuangaliwa, kwa kuwa vipokezi vimekaa na njaa. Hilo ndilo jibu langu kwa anayeniambia kwamba Parkinson ni ugonjwa wa wachache, na kwamba wilaya yenye malaria, akina mama wanaohitaji damu wakati wa kujifungua na watoto wenye utapiamlo haina nafasi ya kuufikiria. Uchache wao naukubali. Ni uchache huo unaofanya mahitaji yao yaweze kuhesabiwa na kutimizwa.

Tuhesabu. Sensa ya 2012 iliikuta wilaya ya Serengeti na watu 249,420. Kwa kiwango cha Hai, hao wangetoa wagonjwa 51. Idadi ya watu imeongezeka tangu hapo. Kwa upande mwingine wilaya yetu ina vijana wengi kuliko Hai, na ugonjwa huu ni wa wazee zaidi. Kwa kupanga bajeti, 51 ni namba nzuri ya kuanzia. Tukihesabu kwa kile kidonge cha 250 kinachofahamika, ingawa cha 100 kwa 25 ndicho bora, mgonjwa anayekula nusu kidonge mara tatu kwa siku hutumia kidonge kimoja na nusu, yaani vidonge 548 kwa mwaka. Wagonjwa wote 51 watahitaji vidonge 28,000 hivi. Kila mwezi ni vidonge vipatavyo 2,330, vinavyoenea katika katoni moja ndogo. Maombi ya vidonge hivyo yaandikwe kwa majina ya wagonjwa waliotambuliwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kijiji kwa kijiji, wakiulizwa habari za mkono usioyumba na kifungo kisichofungika, kisha kuthibitishwa na daktari Mugumu, na wanaotatanisha wapelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza. Juu ya mahitaji ya mwezi, hospitali ya wilaya iweke akiba ya miezi miwili, vidonge 4,660, isiyoguswa isipokuwa mzigo umechelewa. Na zahanati ya Kisaka ipewe fungu la wagonjwa wake la mwezi mzima mapema, kabla mvua za masika hazijaharibu barabara.